Bega la Kushoto la Mwalimu

Mkutubi wa maktaba ya mtaa alikuja kuchukua suruali yake, akaishia kubishana na mgongo wake mwenyewe.

Suruali ilikuwa imeongezwa vidole viwili kiunoni. Akaambiwa apande juu ya kibao karibu na dirisha, ageuke, asimame kama anavyosimama siku zote. Fundi akarudi nyuma hatua tatu, akainua simu yenye ufa pembeni, akangoja.

"Shusha pumzi, baba."

Mkutubi akashusha. Simu ikalia kidogo, na fundi akamletea ile picha ajionee kama nyuma pamekaa sawa.

"Huyu nani?"

"Ni wewe."

"Mimi? Mimi sina upara."

Wifi yake fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda akishona vifungo. Akainamia kazi yake ili asicheke, na hakuweza. "Unao, kaka. Mdogo tu, kama kisahani cha chai. Wenzako kazini wote wanaujua, ila wana adabu."

Mkutubi akajipapasa kisogo, akautazama mkanda kwenye picha, akautazama mkanda wake kiunoni, akakubali yaishe. Lakini simu hakuirudisha. Kidole chake kilikuwa kimegusa picha iliyotangulia, kisha iliyoitangulia hiyo. Mgongo baada ya mgongo. Akaketi kwenye ukingo wa meza ya kukatia, suruali iliyoongezwa mwilini, ile aliyokuja nayo begani, akaendelea kuangalia mpaka Wifi akauliza kama aletewe chai au aletewe godoro.

Fundi mwenyewe mtaa mzima ulimwita Bi Pindo, kwa sababu hakuna nguo iliyowahi kutoka mlangoni kwake pindo likiwa limekwenda upande, hata kama mteja itabidi angoje mpaka miguu imfe ganzi. Chumba chake cha kazi kilikuwa na cherehani mbili, pasi nzito, meza iliyowahi kuwa mlango wa mtu, na kioo kirefu kimoja. Na hicho kioo kimoja ndicho kilicholeta mambo yote haya. Mteja mwenye kioo kimoja anajiona mbele tu. Akitaka kujiona nyuma anageuza shingo. Akigeuza shingo bega linapanda, kiuno kinajikunja, kitambaa kinavutwa, na nguo iliyokuwa imetulia inaonekana imeharibiwa. Kwa miaka mingi Bi Pindo alilaumiwa kwa makosa yaliyofanywa na shingo za watu. Binti yake alipomwachia simu yake ya zamani, dawa ikapatikana. Mteja anasimama, anapigwa picha ya mgongo, anaonyeshwa. Ubishi umekwisha.

Mwanzoni alikuwa akizifuta kila jioni. Halafu siku moja ukamshinda mgongo wa mwashi mmoja, shati limeshikana na jasho katikati, shingo imeinama kama mtu anayesikiliza kitu sakafuni. Akauacha. Wiki iliyofuata ukamshinda mwingine. Akaanza kuchagua saa: kati ya saa nne na saa tano asubuhi, jua likishavuka ukuta wa jirani na kuingia dirishani kwa ubavu. Akasogeza kibao. Akatundika shuka jeupe ukutani, upande ambao mteja anaelekea. Akagundua kwamba mtu akivuta pumzi kitambaa kinadanganya, na akishusha kinatulia, na kwamba kati ya kushusha na kuvuta tena kuna nafasi fupi ambayo mtu husahau kwamba anaangaliwa. Hiyo nafasi ndiyo aliyokuwa akiingoja. Sasa ilikuwa miaka minne, migongo mia sita na kitu, na hapakuwa na uso hata mmoja.

"Ulijifunzia wapi kupiga picha?" mkutubi akauliza hatimaye.

"Sipigi picha mimi. Naangalia nguo."

"Bi Pindo, nimewaona wapiga picha wengi, kamera imening'inia shingoni kama jiwe la kusagia. Wananiletea machweo. Kila mmoja machweo. Mimi nina ujia pale maktaba, kutoka chumba cha kusomea mpaka kwenye bomba la maji. Kuta mbili tupu, taa zipo, misumari ipo. Nilikuwa natafuta mtu."

"Wa kumtundika?" Wifi akauliza.

"Wa kutundika kazi zake, dada yangu."

Akamweleza masharti, na alikuwa mtu wa masharti. Picha ziwe kumi na mbili, si ishirini, maana mtu akiona ishirini anaanza kutafuta mlango wa kutokea. Zisafishwe kwenye karatasi nzuri, zote ukubwa mmoja, kubwa, mtu azione bila kuinama. Fremu ziwe za kawaida, zisishindane na picha. Kila moja iwe na kikaratasi chini chenye bei, hata kama hakuna atakayenunua, kwa sababu watu wanaona haya kuuliza. Na zisitolewe nakala ovyo. "Tano tu za kila picha, na nyuma uandike kwa penseli: ya kwanza kati ya tano, ya pili kati ya tano. Mtu akijua zipo mia atakwambia atapita kesho."

"Na nani atanunua mgongo wa mtu asiyemjua?" Wifi akataka kujua.

"Asiyenunua ataangalia. Lakini, Bi Pindo, kila mwenye mgongo atie sahihi kwamba amekubali. Hilo sitanii. Mgongo nao ni mtu."

Basi wiki mbili zilizofuata zikawa za kuomba migongo. Bi Pindo alifungua daftari jipya, akaandika juu ya kila ukurasa: Nakubali mgongo wangu utundikwe maktaba, na ukipata mnunuzi uuzwe. Akawa anawangoja wateja mlangoni, na wengine akawafuata makwao. Ikamshangaza kwamba hakuna aliyejitambua. Mwashi aliutazama mgongo wake, akasema huyo bwana anafanyishwa kazi sana, apewe likizo. Muuza maziwa akaapa kwamba ule ni mgongo wa kaka yake. Mzee mmoja mstaafu wa posta alitia sahihi mara tatu, ili moja ikipotea zibaki mbili. Karani wa benki akakataa kwa upole: "Mgongo wangu niachie mwenyewe, mama." Bi Pindo akaifuta picha ile mbele ya macho yake, wakaagana vizuri.

Picha ambayo mkutubi aliitaka mlangoni, ya kwanza kuonekana, ilikuwa ya Mwalimu. Alikuwa amevaa gauni la rangi ya majivu lisilopindwa bado, pini zimepangana katikati ya mgongo, mistari ya chaki imezunguka kiuno. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjwa nyuma, vidole vinatafuta zipu ambayo ilikuwa haijawekwa. Kwenye simu ilikuwa ndogo kama kiganja, nayo ilipendeza. Mwalimu alifundisha hesabu shule ya pale juu, na alishonewa na Bi Pindo miaka kumi na mmoja. Daftari lilimkuta ana haraka, kikao kinamngoja.

"Nitie wapi?"

"Angalia kwanza picha, Mwalimu."

"Nimekuamini na vitambaa vyangu vyote, nisikuamini na picha?" Akatia sahihi kwa kalamu nyekundu, akaondoka bila kutupa jicho.

Picha zikapelekwa kusafishwa kwa Bwana Pasipoti. Jina hilo alilipata kwa sababu nusu ya watu wa mtaani walisafiri na sura alizowapa yeye. Duka lake lilikuwa na pazia la buluu, stuli moja, taa mbili zenye joto, na mashine ambayo aliizungumzia kama mke wa pili. Alikuwa na moyo mweupe na mkono mwepesi. Ukija na chunusi unatoka huna. Ukija na ukosi uliokunjika unatoka umenyooka. Kwake, kumpa mtu picha yake vile ilivyo kulikuwa ni kumkosea heshima.

Bi Pindo alifika Jumatano mchana. Bwana Pasipoti akazipanga picha kumi na mbili juu ya meza moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayepakua pilau mbele ya wageni. Karatasi ilikuwa nzuri. Ukubwa ulikuwa ndio wenyewe. Bi Pindo akasimama na mkoba wake mkononi, na mara ya kwanza katika maisha yake akaona kazi aliyoifanya dirishani kwake ikiwa kubwa kuliko dirisha lenyewe.

Kisha akaanza kuona mengine. Shati la mwashi lilikuwa kavu. Makunyanzi ya shingo ya mzee wa posta yalikuwa yamekwenda likizo. Mkutubi alikuwa ameota nywele.

"Kile kisahani kimekwenda wapi?"

"Nimekijaza." Bwana Pasipoti akatabasamu. "Yule ni mtu mkubwa, mama, hawezi kutundikwa vile. Na hii hapa," akaigonga picha ya Mwalimu kwa ukucha, "hii nimeihangaikia mwenyewe. Bega la kushoto lilikuwa limeanguka, nimelinyanyua. Angalia lilivyokaa. Na wala sikuongezei bei."

Bi Pindo akaangalia. Mabega mawili, sawasawa, kama kipimo cha maji kimelazwa juu yake.

"Nirudishie zilivyokuwa," akasema.

"Zilivyokuwa?"

"Zote. Jasho, shingo, upara, bega."

Bwana Pasipoti akamtazama kama mtu aliyerudishiwa zawadi. "Mama, watu wananilipa nifanye hivi."

"Najua, baba. Na umefanya vizuri. Lakini nirudishie."

Akairudia kazi huku akiguna, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kinyongo, akampa na ile ya bega lililonyanyuliwa aende nayo, pengine atabadili mawazo. Mashine ikasukuma nje picha ya kweli ya Mwalimu, mwisho ikaja sehemu ya juu. Bi Pindo akaona kitu ambacho kwenye simu hakikuonekana. Kwenye simu, mtu angesema mwanamke ameinua tu mkono wa kulia. Katika ukubwa huu hakuna ambaye angesema hivyo. Bega la kushoto lilikuwa chini, vidole viwili au zaidi, tangu mifupani, na mwanga wote wa saa nne ulikuwa umekwenda kutua pale pale.

Jioni ile picha mbili zililala sambamba juu ya meza ya kukatia. Mumewe, seremala, alikuwa amekwisha kuleta fremu alizozitengeneza kwa mabaki ya mbao za madirisha, akauliza mara moja tu kwa nini mgongo wake yeye haumo, akaambiwa hajawahi kusimama akatulia, akaenda zake. Wakabaki mawifi wawili.

"Tundika hii iliyonyooka," Wifi akasema. "Wewe umepata picha, Mwalimu amepata bega. Mnataka nini tena?"

"Hii si picha. Mwangalie. Amekuwa kabati."

"Basi tundika ya kweli. Si ametia sahihi? Tena kwa wino mwekundu."

"Ametia bila kuangalia."

"Hilo ni lake, wifi yangu. Nani alimfumba macho?"

Wifi alikuwa anaijua vizuri habari ya bega lile, maana ilipita mtaani kama kichekesho. Miaka kumi na mmoja nyuma Mwalimu alishonewa na fundi mwingine, mwanamume mwenye sauti. Siku moja, duka limejaa watu, fundi yule akaweka futi mabegani mwake, akapaaza sauti: "Mama, bega lako moja limekwenda wapi?" Watu wakavunjika mbavu. Mwalimu akateremka kibaoni, akakunja kitambaa chake, akatoka, akaja kwa Bi Pindo. Bi Pindo akampima, vidole vyake vikaona kila kitu, mdomo wake haukusema neno. Gauni lilipokuwa tayari, upande wa kushoto ndani ya bega alikuwa ameweka sponji mbili, upande wa kulia moja nyembamba. Mwalimu akalivaa, akajitazama kwenye kioo kirefu, akalipa, akasema ahsante. Tangu hapo, magauni na makoti na blauzi, sponji mbili kushoto, moja kulia. Gauni la kwenye picha ndilo lilikuwa bado halijawekewa. Hawakuwahi kulizungumza, hata kwa jicho.

"Nikiitundika hii," Bi Pindo akasema, "mimi na yule bwana tuna tofauti gani? Yeye alisema kwa mdomo. Mimi nimesema kwa ukuta."

"Basi iache. Kumi na moja zinatosha. Nani atahesabu?"

"Mkutubi ameshaitengea pale mlangoni. Halafu..."

"Halafu nini?"

Bi Pindo akaanza kukusanya pini zilizokuwa mezani, moja moja. Halafu ile ilikuwa ndiyo picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, na alitaka watu waione. Hakuwahi kutaka jambo la namna hiyo, umri wake wote alikaa nyuma ya nguo za watu, na sasa alilitaka mpaka akajionea aibu.

"Ungekuwa unataka mwanamume ningekusaidia," Wifi akasema. "Kwa hili, nenda kamwambie mwenyewe."

Akaenda Alhamisi, saa ambayo shule hutoka. Darasa lilikuwa tupu, viti vimepinduliwa juu ya madawati, vumbi la chaki linaelea. Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni hesabu za kesho, amempa mlango mgongo, na Bi Pindo akasimama pale kidogo kabla ya kubisha hodi, akijua kwamba anaangalia kitu ambacho amekiangalia miaka kumi na mmoja na leo ndiyo anakiogopa.

"Karibu, Bi Pindo! Nimesahau kitu kwako?"

"Hujasahau. Mimi ndiye niliyekuacha utie sahihi hujaona."

Wakashusha viti viwili. Dawati lilikuwa la watoto, na magoti ya Bi Pindo yalikataa kuingia, ikabidi akae kwa ubavu kama mtu aliyepanda punda. Akatoa kwanza picha iliyonyooshwa.

"Huyu nani?" Mwalimu akauliza.

"Ni wewe. Bwana Pasipoti alikusahihisha."

"Amenisahihisha?" Nyusi za Mwalimu zikapanda. Kisha Bi Pindo akaiweka ya pili kando yake, akakunja mikono mapajani.

Mwalimu hakuigusa. Nje mfagiaji alikuwa anaburuta ndoo ujiani, ikafika karibu, ikapita, ikaenda mbali.

"Mwalimu," Bi Pindo akaanza. "Kuna jambo sijawahi kulitia mdomoni..."

"Sponji."

Bi Pindo akainua uso.

"Mbili kushoto, moja kulia," Mwalimu akasema, macho bado yako kwenye picha. "Bi Pindo, unadhani nani anazifua hizo nguo? Upande mmoja unakauka asubuhi, mwingine unanikawiza mpaka kesho yake. Ile ya kahawia ilifumuka, nikaishona mwenyewe."

"Niliona. Ulipoileta kufupisha mikono."

"Najua uliona. Niliposhona mimi ilikuwa kama makovu. Iliporudi ilikuwa imenyooka."

"Nikafikiri hutagundua."

"Nikafikiri hutajua kwamba nimegundua."

Wakatazamana. Mwalimu ndiye aliyeanza, kicheko cha puani, kisha Bi Pindo akafuata, na kwa kuwa alikuwa amekaa upande upande karibu aanguke na dawati. Walipotulia, Mwalimu akavuta ile picha karibu yake.

"Kumbe ndivyo ninavyoonekana nikiondoka," akasema. Kidole chake kikafuata mstari wa bega, kikateremka nao. "Miaka ishirini na miwili nimekuwa nikiandika kwenye huu ubao. Kila mtoto aliyepita hapa anaujua mgongo huu. Kuna mmoja alikuwa akiniigiza wakati wa mapumziko, anashusha bega, anashika chaki. Aliniweza kweli. Mtaa mzima unajua. Waliokuwa wakijifanya hawajui ni wawili tu, mimi na wewe."

"Basi unakubali?"

Bi Pindo aliuliza haraka mno, na akajuta papo hapo. Uso wa Mwalimu ukarudi kuwa wa Mwalimu.

"Sijasema hivyo. Hao ni wanafunzi wangu. Akinicheka mmoja, nampa hesabu. Aliye mbele ya ukuta nitampa nini?" Akaichukua picha ya kweli, akaiingiza katikati ya madaftari ya kusahihisha. "Niachie hii. Ile nyingine nenda nayo, siijui."

"Onyesho ni Jumamosi, saa nne."

"Nimesikia."

"Ukisema hapana, Mwalimu, hapana yako nitaipokea. Nitaacha fremu tupu, na sitakuuliza kwa nini. Wala nguo zako hazitabadilika."

"Nimesikia, Bi Pindo," Mwalimu akarudia, safari hii kwa sauti ya chini.

Jumamosi asubuhi picha kumi na moja zilikuwa ukutani. Mkutubi alizunguka na ngazi, akapima kwa jicho, akashuka, akapanda tena. Upara wake ulikuwa wa tatu kutoka kwenye bomba, na kila alipoupita alifanya kana kwamba hawajuani. Karibu na mlango palikuwa na fremu isiyo na kitu, na chini yake kikaratasi chenye bei.

"Watu watauliza," akasema.

"Waulize," Bi Pindo akajibu. Alikuwa amevaa gauni lake jeusi, na mikono yake, ambayo haikuzoea kukaa bure, ilikuwa ikikunja na kukunjua kitambaa cha kufutia fremu. Ilikuwa saa tatu na nusu. Wifi alikaa kwenye benchi akilinda kitabu cha wageni kama polisi.

Saa nne kasorobo mlango ukafunguliwa. Mwalimu aliingia na kitu kipana kimefungwa kwa gazeti. Hakusalimia, alikwenda moja kwa moja kwenye fremu tupu, akafungua gazeti, akampa Bi Pindo picha. Kisha akatoa kalamu yake nyekundu mkobani, akainama, akaikata ile bei kwa mstari mmoja, akaandika pembeni: Haiuzwi.

"Lakini kila picha ina..." mkutubi akaanza.

"Wataniangalia hapa, ambapo ninaweza kuja kuwaona wanaoniangalia," Mwalimu akasema. "Sitaki kwenda kukaa sebuleni kwa mtu nisiyemjua. Nakala zile nyingine nne, Bi Pindo, zisisafishwe kabisa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mwalimu."

Mkutubi akafungua mdomo. Wifi akamkoholea. Akaufunga.

Watu wakaja. Hawakuwa umati, walikuwa watu wa mtaani na wasomaji waliotoka kunywa maji wakasahau kurudi vitabuni. Mke wa mwashi alisimama mbele ya mgongo wa mumewe, mikono kiunoni. "Hii nimnunulie mama mkwe?" mumewe akauliza. "Thubutu. Nainunua mwenyewe. Huu ndio upande wako ninaouona zaidi." Mgongo wa muuza maziwa ulinunuliwa na kaka yake, aliyeapa kwamba ni wa kwake. Kila iliyopata mnunuzi iliwekewa doa la karatasi nyekundu, ikabaki ukutani mpaka mwisho wa mwezi, kama mkutubi alivyotaka. Kufika saa sita kulikuwa na madoa manne, na la nne lilikuwa juu ya upara. Mkutubi hakujua afurahi au akate rufaa.

Kisha akaja daktari mmoja mwenye kliniki ya mifupa, akasimama mlangoni, hakusogea. Alimwita Bi Pindo pembeni. Alitaka ile ya bega, kwa ajili ya chumba ambacho wagonjwa wake hungojea. Akataja kiasi. Bi Pindo akasema haiuzwi. Daktari akataja kiasi kingine, na Wifi, ambaye masikio yake yalikuwa marefu kuliko benchi, akadondosha kalamu ya kitabu cha wageni.

"Bwana daktari," Bi Pindo akasema, "umeniheshimu sana. Lakini mwenyewe amesema hapana."

"Na kesho akisema ndiyo?"

"Atakuja kusema mwenyewe. Mimi sitamuuliza." Akamwonyesha mgongo wa mzee wa posta. Daktari akautazama kwa heshima, akasema atafikiri, akatoka akiwa anageuka nyuma.

Mwalimu alikuwa ameketi mwisho wa ujia karibu na bomba, ameshika kitabu ambacho alikuwa hajafungua ukurasa. Muda wote alikuwa akiwaangalia wanaoiangalia picha yake. Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja alijaribu kusimama vile, mkono nyuma, akaacha. Mzee mmoja mgeni, mwenye fimbo, alisimama mbele ya picha kwa muda mrefu, akageuka akatafuta mtu wa kusema naye, macho yake yakamkuta Mwalimu.

"Huyu mama amechoka," mzee akasema. "Maskini, kabeba mengi."

Mwalimu akainuka. Akaja akasimama kando yake, akaitazama picha kama mtu anayesahihisha.

"Hajachoka, mzee wangu," akasema. "Yuko hivyo. Hapo alikuwa anamngoja fundi amalize."

Mzee akamwangalia yeye, akaangalia picha, akamwangalia tena. Akavua kofia. Akaendelea na ujia kuelekea kwenye mgongo wa mwashi.

Bi Pindo alikuwa amesikia. Alisogea polepole, kitambaa cha kufutia fremu bado kiko mkononi, na wanawake wawili wakabaki wamesimama bega kwa bega bila kutazamana.

"Mwezi ujao tuna kikao cha wazazi," Mwalimu akasema. "Nitahitaji gauni."

"La kitambaa gani?"

"Cha kijani, kile kizito ulichonionyesha. Mikono mifupi."

"Na mabega?"

Mwalimu akaionyesha picha kwa kidevu. "Ya mtu huyu hapa. Usimwongezee kitu."

Bi Pindo akatikisa kichwa kukubali. Tayari kichwani alikuwa anakata: kipande cha kushoto kitashuka vidole viwili na nusu pale juu, mshono wa mgongo hautakwenda wima, utafuata uti wa mgongo wake unakokwenda, na ukosi lazima uanzie chini kidogo upande ule, la sivyo utamkaba. Itakuwa kazi ngumu kuliko sponji. Atamhitaji Mwalimu kwenye kibao mara mbili, pengine tatu, asubuhi, saa nne.